Nchi ya Moshi

Bondeni, Nakuru
Julai 1974

Kwa ndugu yangu mpendwa Kipketer,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea kaa chini, maana barua hii si fupi. Sisi hapa tupo, kwa uzima wa watu waliochoka. Shemeji yako Kipkoech yuko salama, bado anaendesha lori la maziwa na bado anakoroma. Natumaini wewe, mke wako Jepkoech na watoto hamjambo huko Voi, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuacha. Kama hakijakuacha, chemsha tangawizi unywe, usingoje mkeo akukumbushe kama mtoto. Huku mvua imenyesha ya kutosha. Yule mtu tuliyemwachia shamba la Kabazi alikuja juzi na gunia la viazi, akasema mahindi yameshika vizuri.

Blanketi lako lilifika tangu mwezi wa nne. Ni zito, zuri, lina mistari myekundu, na limemfaa Baba. Uliandika kwamba ni la matumizi ya nyumba. Nyumba haisikii baridi, Kipketer. Katika barua yako uliuliza hali ya shemeji yako, ya shangazi aliyeko Subukia, hata ya paka wa Mama Bhagwanti mwenye nyumba wetu. Baba hukumuuliza. Sikulaumu kwa hilo, nimelizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Lakini leo nitakupa habari zake utake usitake, kwa sababu nina jambo lako ambalo nimekaa nalo tangu mwezi wa tano na limeanza kunila.

Unajua kwamba Mama alipofariki Baba alibaki peke yake Kabazi. Usilolijua ni jinsi alivyoanza kupotea. Kwanza alisahau kama amekula. Kisha akawa anatoka alfajiri kwenda kukamua ng'ombe wa Bwana Kofia, yule mzungu wetu, ambaye alirudi kwao zamani na shamba lake likakatwa vipande. Majirani walimkuta amesimama katika boma la watu akiuliza ndoo ziko wapi. Basi mwaka jana tukamleta hapa. Daktari wa hospitali alimpima kwa upole, akasema huu ni ugonjwa wa uzee, umeshika akili, hauna dawa isipokuwa vidonge vya presha na vya usingizi. Akasema pia kwamba katika nyumba kama hii anayeumwa zaidi huwa ni yule anayemtunza mgonjwa. Nilicheka siku ile. Sasa sicheki.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha pareto, zamu ya asubuhi. Nikitoka huko nywele zinanuka maua makavu, mgongo unaniuma, na nikifika nyumbani ndipo kazi inapoanza. Baba alikuwa hanijui. Nikimletea maziwa alifunga mdomo. Nikimwambia mimi ni Chelangat, binti yako, alinitazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja kuomba kura, akanijibu kwamba binti yake bado ni mdogo, hajaota hata meno ya pili. Alikonda mpaka nikawa naogopa kumwogesha. Watu walinishauri nimlazimishe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mtu alijua namna ya kuubeba ila mimi niliyekuwa chini yake.

Siku moja nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Nilisimama mlangoni na kikombe, yeye amekaa kitandani. Akaniuliza kwa ile sauti ya zamani, sauti ya jikoni kwa Mama: "Nani anashuka?" Na mdomo wangu ukajibu kabla mimi mwenyewe sijafikiri: "Ni mimi, na mikono nimeiacha juu." Akacheka, Kipketer. Akapokea kikombe akanywa maziwa yote, akafuta povu kwa kiganja. Mimi nilikaa sakafuni nikalia.

Wewe unaikumbuka Nchi ya Moshi kuliko mimi, lakini nakushuku kwamba umejilazimisha kuisahau, kwa hivyo nitakueleza kama ninavyomweleza mtu asiyeijua. Jioni ng'ombe wakishakamuliwa, Baba aliketi karibu na moto na punje zake za mahindi alizoziunguza upande mmoja. Alituambia kwamba ule moshi unaofuka katika shimo la mlima Menengai ni wa majiko ya watu, na kwamba chini yake kuna nchi. Anayetaka kushuka lazima aache mikono yake juu, kwa sababu kule mkono haufanyi kazi. Hupigi mtu, husukumi mlango, huchukui kitu. Kinachofanya kazi ni mdomo peke yake. Yeye alikuwa watu wote wa nchi ile, na sisi tulikuwa wasafiri. Alisema umefika mahali fulani, yupo mtu fulani, amekuambia hivi. Utasemaje? Ulijibu, kisha ulirusha punje, na zikilala upande mweusi ujue moyo wa yule mtu umefungwa. Lakini jibu likiwa zuri alikuruhusu kurusha tena.

Na habari za nchi ile hakutuhadithia hata siku moja. Ukimwambia Baba tusimulie zamani palikuwaje, alisema yeye hajui, nenda kawaulize wenyewe. Unamkumbuka Kogo wa Kisima? Tulimuuliza yule bibi kwa nini kisima chake kimefunikwa, akanyamaza, na mchezo ukaishia hapo, tukatumwa kulala. Jioni nyingi zilipita kabla hatujajua kwamba lazima umsalimie kwanza kwa jina la ng'ombe wake aliyekufa. Jina hilo alikuwa nalo mchuuzi wa magadi, naye hakulitoa mpaka ukubali kusikiliza habari za magoti yake yanayomuuma. Kila mtu kule alikuwa na jambo linalomsumbua, na usipoligusa kwa upole hakuambii kitu. Nao walikuwa na kumbukumbu. Ukimdanganya huyu leo, wa kesho anajua. Ndiyo maana tulikaa tukifikiri kabla ya kujibu, hata tukasahau uji. Sijaona shule iliyonifunza kufikiri namna ile.

Mimi nilikuwa mwongo wa kupendeza. Nilimsifu kila mtu na nikapita. Wewe ulisema kweli mpaka ukakera. Ulimwambia Malkia wa Chumvi mbele ya watu wake kwamba chumvi yake ina mchanga, akakufungia mji wake msimu mzima wa mvua, nawe ukakataa kuomba radhi. Mama alikuambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema huyu mtoto hata umtie motoni hatasema uongo. Naomba uyashike maneno hayo, ni yake yeye.

Basi huko ndiko alikokwenda kuishi. Majina yetu yamemtoka, jina la Mama limemtoka, lakini sheria za Nchi ya Moshi hazijamtoka hata moja. Nikaamua kumfuata. Nikitaka kumwogesha nakuwa mlinzi wa kivuko, namwambia hapa hapiti mtu mwenye vumbi la juu. Nikitaka alale nakuwa mchuuzi wa magadi namweleza habari za magoti yangu, na magoti yenyewe yananiuma kweli, kwa hivyo hapo sijitahidi sana. Vidonge vilitushinda mpaka tulipomwingiza Mama Bhagwanti. Huyu ni mjane wa Kihindi, ana duka la vitambaa hapo mbele, na nilidhani atatuona wehu. Nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Mzee nataka malkia? Mimi naweza. Iko nyumba yangu mzima mimi malkia." Akaja amevaa sari ya harusi ya binti yake, akasimama mlangoni, akamwambia Baba kwamba chumvi ya mwaka huu ni chungu lakini ni safi, haina mchanga. Baba alimeza vidonge vyote akamwamkia.

Shemeji yako ndiye ametushinda. Mchezo haumwingii. Siku moja Baba alimwambia daraja limevunjika, msafiri asubiri ng'ambo, na Kipkoech akasubiri kweli nje ya mlango mpaka chai ikapoa, akidhani ndiyo heshima. Nilimwambia unatakiwa useme kitu, umuulize mwenye daraja ana shida gani. Akasema yeye ni dereva, daraja likivunjika anazunguka.

Usidhani ni mchezo tu wa kuchekesha. Nikikosea jibu, Baba anafunga mdomo, na akifunga amefunga mpaka kesho. Mara nyingi nimesahau. Nani alikuwa mke wa nani, nani hapaswi kutajwa karibu na moto. Nikijaribu kubuni anajua hapo hapo, uso unamkunjamana kama mtu aliyepewa chai bila majani. Kwa hivyo namtega anieleze yeye mwenyewe, namuuliza jambo dogo la pembeni ili lile kubwa litoke. Nafanya hivyo asubuhi kabla ya kiwanda na jioni baada yake. Kazini mashine zikinguruma mimi nawaza Kogo wa Kisima atasema nini leo. Mnyapara wangu aliniuliza mbona nanong'ona peke yangu. Nimechoka, Kipketer. Nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Sasa nafika penye jambo lenyewe. Mwezi wa tano Baba alinipeleka mahali nisipopajua. Alisema nimefika kwenye lango la waya, na ng'ambo yake kuna ngano. Nilishangaa, kwa sababu Nchi ya Moshi haikuwa na waya wala ngano, ilikuwa na miiba na mashamba ya wimbi. Akasema langoni ameketi mlinzi mzee aliyejifunika uso, na mlinzi huyo haongei na mtu. Akajifunika uso kwa lile blanketi lako, akaniuliza kwa ndani: "Utasemaje?"

Mimi na wewe tunajua lango moja tu la namna hiyo. Sikukumbushi kwa ubaya. Lazima nilitaje ili nifike ninakokwenda. Ulikuwa mwaka wa mafuriko, kabla ya uhuru, na wewe ulikuwa umetoka tohara majuzi tu. Ng'ombe waliingia katika ngano ya Bwana Kofia wakaila na kuikanyaga mpaka ikawa matope. Lango la waya lilikutwa wazi. Wewe ndiye uliyekuwa ukichunga wiki ile, ukasema si wewe, ulilifunga. Bwana Kofia akamgeukia Baba, kwa sababu Baba alikuwa nyapara wake na neno lake lilisadikiwa. Baba akasema mbele ya watu wote, akitazama chini, kwamba kijana ndiye aliyekuwa na ng'ombe. Ulichapwa kiboko pale pale na kabla ya jua kuwa kichwani ulikuwa umefukuzwa shambani, uwe umetoka kufikia asubuhi. Nilikufuata mpaka barabarani. Uliniambia kiboko hakiumi. Kinachouma, ulisema, ni kwamba mtu anayejua tangu utotoni kwamba husemi uongo amekutazama kama mwongo. Ukaenda, na mpaka leo hujarudi.

Kwa hivyo nilipoliona lango lile katika mchezo, nilipoteza busara yangu yote. Nilimuuliza mlinzi moja kwa moja, nani aliliacha wazi? Akafunga mdomo, hakula siku ile wala asubuhi yake. Siku nyingine nikajaribu uongo wangu wa kupendeza, nikalisifu lango, nikamsifu mlinzi kwa uvumilivu wake, akageukia ukutani. Nikamwomba Mama Bhagwanti aingie. Alikaa naye muda, akatoka akijifuta macho kwa ncha ya sari, akaniambia, "Huyu mlinzi iko na shida kubwa, mama. Chumvi yangu hapana saidia." Na kila nilipojaribu kumpeleka Baba kwingine, kisimani au kivukoni, alikubali hatua chache kisha akarudi langoni. Alikuwa anakwisha. Nguo zilimning'inia.

Jumapili moja mchana, Kipkoech akiwa safarini Kericho, nilikaa sakafuni mbele ya kitanda nikaikumbuka ile sheria ya watu wa kule, kwamba kila mmoja ana linalomsumbua. Na nikakumbuka jambo jingine ambalo wewe ulilijua mapema na mimi sikulijua kamwe. Anayeuliza kama hakimu hapewi kitu. Ukitaka mtu afungue lake, toa lako kwanza, nalo liwe la kweli. Mimi sikuwahi kutoa la kweli katika mchezo ule. Nikamwambia mlinzi kwamba mimi ni msafiri mwenye baba mgonjwa. Nikamwambia nampenda baba yangu, na kwamba kuna asubuhi nafungua mlango wake nikitumaini amekwisha kufa usingizini, ili na mimi nilale. Nilikuwa sijamwambia mtu hilo. Hata Mungu nilikuwa nikimzungukazunguka.

Alilishusha blanketi polepole mpaka nikayaona macho yake. Kisha mlinzi akaongea, na nitakuandikia alivyosema kwa kadiri ninavyokumbuka. Alisema lango alilifungua yeye. Kijana alikuwa amelifunga vizuri, lakini asubuhi mapema yeye mlinzi alipita kwenda kumtazama ng'ombe wake Tuiyo, aliyekuwa akizaa kwa shida upande wa pili, na ndama alipotoka hai alifurahi hata akarudi kwa njia nyingine, asikumbuke waya. Bwana mwenye ngano alipouliza, alihesabu haraka moyoni. Nyapara akifukuzwa, inafukuzwa nyumba nzima, mama, watoto na ng'ombe wote, na hawana pa kwenda. Kijana akifukuzwa anakwenda kijana peke yake. "Alikuwa hana mke," alisema, "na alikuwa na nguvu. Nikamtoa yeye."

Nilimuuliza mlinzi, kwa sauti ya msafiri, mbona hakumwambia kijana ukweli baadaye kwa siri. Hapo ndipo aliponivunja. Alisema alijaribu kutafuta njia ya kusema. Baba hamwombi radhi mwanawe aliyetahiriwa, nani amewahi kuona hilo? Hata kuketi jikoni na kutaniana naye hawezi tena. Jambo kama lile, alisema, angeweza kulisema chini tu, katika Nchi ya Moshi, ambako yeye si baba wa mtu. Alikuwa ameshaliandaa lango lile, na mlinzi wake, na mahali ambapo kijana angeuliza. Mchana ule ule alikuwa anaziunguza punje. Lakini kijana alikuwa mwanamume sasa, hachezi tena michezo ya watoto, na kabla ya jioni alikuwa ameshashika barabara.

Ndiyo hiyo, Kipketer. Hakukuona mwongo hata kidogo. Alijua unasema kweli kuliko alivyojua kitu kingine chochote siku ile, na ndiyo maana alitazama chini. Sijui kama hilo linapunguza au linaongeza. Mimi usiku ule sikumpikia. Nilimpa mkate mkavu na nikaondoka, nikakaa uani kwa Mama Bhagwanti, kwa sababu chakula chote nilichokula utotoni, na shule yangu ile kidogo, na kitanda nilicholalia, vililipiwa na mgongo wako na hakuna aliyeniambia.

Lakini kabla sijatoka chumbani mle alikuwa ameniuliza swali, na hili ndilo ninalotaka ulijue kutoka kinywani mwangu. Mlinzi aliniuliza, yule kijana akishuka hapa, atasemaje? Nikasema sijui. Akauliza tena. Akawa ananitazama, na uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu aje nyumbani kwangu, na nikaona si mimi anayemwona. Anakuona wewe. Ningeweza kusema kijana hayupo. Ningeweza kusema kijana ana hasira na ana haki. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilifikiri kama tulivyokuwa tukifikiri pale motoni, nikaona jibu moja tu ambalo mtu yule angeweza kulilalia. Nikasema kwa jina lako: "Nimesikia, Baba. Nimekusamehe." Akanishika mkono. Kule mkono haufanyi kazi, lakini aliushika.

Nilidhani imekwisha. Nilisema moyoni, nimefanya kosa moja kwa ndugu yangu, nitalibeba, mzee atakula. Alikula kweli. Asubuhi yake nikaingia na uji, nikamkuta amejifunika uso. Alikuwa amesahau. Yuko langoni, mlinzi haongei. Ikabidi nianze upya, nikae chini, nitoe langu la kweli, nisikilize habari za Tuiyo na ndama, nisikie tena jinsi alivyokutoa, na mwisho aniulize kijana atasemaje. Nikamsamehe tena. Na kesho yake tena. Msamaha haukai kwake, unavuja kama maji kwenye kapu. Tangu mwezi wa tano nimemsamehe kwa jina lako nikiwa na sare ya kiwanda, nikiwa na unga mikononi, nikiwa na homa. Kuna siku nimemsamehe kwa kupiga kelele, nimesamehe, kunywa uji! Na kuna siku namtazama, nakusikia wewe ukisema si mimi, nililifunga, na ulimi unakuwa mzito kwa sababu natoa kitu ambacho si changu.

Sikuombi radhi kwa hili. Labda ningepaswa, lakini sina nguvu ya kuomba wala ya kujitetea. Kama unaona nimekukosea, niandikie, nami nitaacha. Nitamwambia mlinzi kwamba kijana hajafika, na tutaona atakula nini. Na kama unafikiri kuja, sitakudanganya, maana mimi uongo wangu umekwisha. Huenda asikujue. Huenda akakuona mchuuzi wa magadi. Hata ukimwambia umemsamehe, na hata ukimwambia hutamsamehe kamwe, kufikia asubuhi atakuwa amesahau na atauliza upya. Kwa hivyo sikuiti kwa ajili yake. Hakuna unachoweza kumpa huyu mzee kikadumu.

Nakuita kwa ajili yangu. Nataka neno hilo lisemwe na mwenyewe, mara moja tu, liwe ndiyo au liwe hapana, mimi nikiwa nimesimama pembeni, Chelangat tu, mwenye magoti mabovu. Kisha nitaendelea kumtunza kama kawaida na sitalalamika tena. Ndugu yangu, nimechoka kuwa wewe.

Nisalimie Jepkoech sana, umwambie ile kanzu ya mtoto naishona pole pole. Wasalimie watoto mmoja mmoja, kwa majina yao. Shemeji yako anasema ukija kwa treni umjulishe mapema, atakungoja stesheni na lori kama hana safari. Mama Bhagwanti naye anakusalimu, na anasema chumba cha nyuma kiko wazi mpaka mwisho wa mwaka. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Chelangat